GRILI YA LAND ROVER YA ZAMANI: Jinsi ya kuiunga, kuipaka rangi na kuiuza mtandaoni bila kumficha mteja kitu

Leo tunaongea kuhusu bidhaa ambayo wengi wanaipita gereji bila kuigusa: grili ya plastiki ya mbele ya Land Rover ya zamani. Mafundi wengine wanaiita shoo. Mimi niko hapa Nyololo, njia panda ya kuingia Mgololo, barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya. Nanunua grili zilizopasuka, naziunga, nazipaka rangi, nazipiga picha na kuziuza WhatsApp, Facebook na Instagram. Hata kama wewe unauza taa, bampa, viti vya plastiki au vifuniko vya bodaboda, soma hadi mwisho. Kazi inafanana, na somo la kumwambia mteja ukweli ni lilelile.

KWA NINI GRILI, TENA YA LAND ROVER?

Kidogo historia, maana ukijua bidhaa yako unaiuza kwa kujiamini. Land Rover za kwanza zilikuwa na grili ya waya wa chuma. Inasimuliwa kwamba wengine walikuwa wanaing'oa wakienda porini wanachomea nyama juu yake, halafu wanairudisha kwenye gari. Mwaka 1971 ikaja Series III, ambayo wengi tunaijua kama 109 ile ndefu au 88 ile fupi, na hiyo ikaletewa grili ya plastiki. Mwaka 1983 ikaingia 110, nayo ya plastiki. Kuanzia 1990 familia hiyo ikaitwa Defender, na uzalishaji wa Defender ya zamani ukasimama Januari 2016 kule Solihull, Uingereza.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Plastiki iliyotengenezwa miaka ya 70 na 80 imepigwa jua zaidi ya miaka 35. Imepauka, imekuwa ngumu na inapasuka kama kigae. Lakini gari lenyewe bado linatembea. Huku kwetu Land Rover bado zipo kwenye mashamba, kwenye mbao, kwa mapadri na kwa wazee waliozinunua kwenye minada. Na siku hizi kuna vijana wa mjini wanazitafuta kwa mapenzi tu. Mlikumbuka Oktoba 2024, Arusha ilijaa Land Rover kutoka kila kona kwenye tamasha lao. Watu wa namna hiyo wanataka gari lao lionekane kama zamani.

Kwa hiyo soko lina watu wawili: mzee anayetaka gari lipite bila aibu, na kijana anayetaka lipendeze kwenye picha. Wote wawili wako mtandaoni. Mzee asipokuwepo, mtoto wake yupo.

1. NUNUA MBOVU INAYOTENGENEZEKA

Siyo kila grili iliyopasuka ni mali. Ukifika gereji au kwa muuza chuma chakavu, angalia haya:

- Vishikio vya skrubu kwenye kona vipo? Ufa wa katikati unaungwa. Kona zote nne zikiwa zimekwenda na matundu yake, kazi inakuwa kubwa kuliko faida.
- Vipande vilivyovunjika vipo? Uliza. Mara nyingi fundi amevitupa chini ya meza. Kipande cha asili kina thamani kuliko gundi yoyote.
- Imejikunja kwa joto? Iweke juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba sana, iache.
- Ikunje kidogo kwa vidole. Ikitoa unga mweupe na kuvunjika hapohapo, plastiki imekufa. Hiyo nunua kwa bei ya kutupa, ukaitumie kama vipande vya kuungia nyingine.

Halafu uliza imetoka kwenye gari gani. Grili ya Series III haiingii kwenye 110. Na hata 110 zenyewe zinatofautiana: zile zilizotoka na kiyoyozi, sehemu yao ya mbele imesogea nje, na grili yake ni nyingine. Andika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya grili siku ileile uliyoinunua. Ukikaa nazo tano stoo bila maandishi, utampelekea mteja kitu kisichoingia.

2. JUA PLASTIKI YAKO KABLA YA KUGUSA GUNDI

Hapa ndo mafundi wengi wa haraka wanapotea. Plastiki zina majina, na gundi ya hii haishiki ile.

Geuza grili, osha nyuma, tafuta herufi ndogo. Ukikuta ABS, umebahatika, hiyo inaungana vizuri. Ukikuta PP, hiyo ni ya mafuta mafuta, haishiki gundi wala rangi kirahisi.

Kama herufi hazipo, fanya jaribio la asetoni. Chukua asetoni, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi ya kutolea rangi ya kucha, lakini hakikisha ni asetoni tupu, siyo iliyochanganywa mafuta na manukato. Weka tone moja nyuma, sehemu isiyoonekana. Subiri nusu dakika, gusa kwa kijiti. Ikinata na kulainika, ni ABS au ndugu yake. Isipofanyika kitu, yawezekana ni PP.

Wengine wanajaribu kwa maji: PP inaelea, ABS inazama. Ni kweli, lakini PP iliyochanganywa na talki nayo inaweza kuzama. Kwa hiyo maji yasikupe jibu peke yake.

3. OSHA KAMA UNAOSHA SUFURIA YA MSIBANI

Rangi ikibanduka baada ya mwezi, mara nyingi kosa siyo la rangi, ni uchafu. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga na mswaki mzee. Ingia kwenye kila upenyo. Suuza, kausha kivulini.

Adui mkubwa ni ile dawa ya kung'arisha dashibodi na matairi. Ina silikoni. Ikibaki, rangi inakimbia na kuacha vishimo vidogo kama macho ya samaki. Ukishaosha kwa sabuni, futa kwa spiriti na kitambaa cheupe, geuza kitambaa kila mara. Usifute ABS kwa thina kali, itakula plastiki na kuiacha imevimba.

4. KUUNGA: UJI WA ABS

Kwa grili ya ABS natumia uji ninaoupika mwenyewe, bila moto. Chukua vipande vya ABS, bora zaidi vya grili iliyokufa ya aina ileile. Vifuniko vya pembeni vya pikipiki vilivyoandikwa ABS pia vinafaa. Vikatekate vidogo kama mahindi yaliyoparazwa. Weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma, mimina asetoni ifunike vipande, funga, acha usiku kucha. Asubuhi koroga. Ukiwa mzito kama asali, uko tayari. Ukiwa mwepesi ongeza plastiki, ukiwa mzito sana ongeza asetoni kidogo kidogo.

Sasa kazi yenyewe:

Kwanza, toboa kitundu kidogo pale ufa unapoishia. Usipotoboa, ufa utaendelea kusafiri chini ya rangi yako. Kitundu kinausimamisha.

Pili, chonga ufa kwa kisu upande wa nyuma uwe kama mfereji wenye umbo la V. Uji unahitaji mahali pa kukaa.

Tatu, kutanisha vipande viwe sawasawa upande wa mbele, vishike kwa tepu ya rangi. Unaweza kupiga vitone vya supa gluu kushikilia tu. Usitegemee supa gluu kama ndo kiungo. Inakauka ngumu kama kioo, na barabara ya matuta inaichomoa.

Nne, paka uji nyuma kwa tabaka jembamba. Acha lipoteze harufu, paka lingine. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene, maana nene hukauka juu na kubaki bichi ndani.

Tano, sehemu inayobeba uzito, hasa karibu na skrubu, ongeza nguvu kwa wavu mwembamba wa chuma. Kata kipande, kilaze nyuma ya ufa, kisukumize ndani ya plastiki kwa pasi ya fundi redio, ile ya kuchomelea risasi, halafu funika kwa uji. Moto uwe wa wastani. Plastiki ilainike tu, isitoe moshi.

Sita, acha siku nzima. Kwa baridi ya huku, mwezi wa sita na wa saba mimi naacha siku mbili.

Je, ikiwa ni PP? Uji wa asetoni hautashika hata ufanyeje. Hiyo inaunganishwa kwa kuyeyushwa pamoja na kijiti cha PP yenyewe kwa joto, halafu wavu nyuma. Na rangi yake inahitaji praima maalumu ya plastiki ya kuifanya ishike. Kama hujapata praima hiyo, usiipake. Iuze ikiwa imeungwa, bila rangi.

TAHADHARI, na hii isome mara mbili. Asetoni inawaka haraka sana, iogope kama unavyoogopa petroli, na mvuke wake unatambaa chini mpaka ukutane na moto. Huku kwetu kwenye baridi tuna tabia ya kufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani. Asetoni, rangi ya kupuliza na jiko la mkaa havikai chumba kimoja. Hata bila kulipuka, moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua kimyakimya. Fanyia kazi nje au barazani, upepo ukipita, watoto mbali. Na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke, inazuia vumbi tu.

5. MSASA NA PUTI

Anza na msasa namba 180 juu ya kiungo, uende 240, halafu 400 grili nzima. Kama pana shimo, jaza kwa uji uleule au puti ya plastiki kwa tabaka jembamba. Puti ya bodi ya gari ukiijaza nene kwenye plastiki itapasuka, kwa sababu plastiki inacheza na puti haichezi.

Jambo moja muhimu ambalo linahusu injini ya mtu: usizibe matundu ili ipendeze. Grili siyo pambo tu. Nyuma yake kuna rejeta, na hewa inapita hapo. Mteja wako siku moja atapandisha Kitonga akiwa na mzigo, gia ya pili, jua kali. Ukiwa umeziba nafasi kwa puti, gari lake linachemka pale mlimani na wewe umelala Nyololo. Vilevile kipande kilichoungwa vibaya kikichomoka, kinakwenda moja kwa moja kwenye rejeta. Ndo maana nasema kuunga kwanza, uzuri baadaye.

6. RANGI NA BARIDI YA NYANDA ZA JUU

Rangi za kopo nyingi zinataka joto la karibu nyuzi 15 hadi 25. Asubuhi ya Julai hapa, nyasi zina barafu na ukungu umekaa barabarani mpaka saa tatu. Ukipuliza muda huo, unyevu unanaswa kwenye rangi na inatoka na weupe kama imepakwa unga. Mimi napuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, siku yenye jua. Siku ya ukungu wa kutwa nzima nafanya kazi ya msasa au napiga picha.

Kopo likiwa la baridi, rangi inatoka kwa matone. Liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kuogea mtoto, kwa dakika 10. Usiliweke kwenye moto wala kwenye maji yanayochemka. Kopo hilo lina gesi ndani, litapasuka.

Hatua zangu:

- Praima tabaka mbili nyembamba. Tikisa kopo dakika mbili nzima kabla.
- Ikikauka, piga msasa wa maji namba 600 taratibu, futa, kausha.
- Rangi tabaka tatu. Umbali ni kama shubiri moja, sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza nje ya grili, pita, malizia nje. Ukianzia katikati inachuruzika.
- Mbavu za grili zina kina. Anza kupuliza pembeni, kushoto, kulia, juu na chini, halafu ndo mbele. Ukianza mbele, pembeni zitabaki za zamani na mteja ataona akiinama.
- Malizia na klia isiyong'aa sana. Klia inasaidia kuzuia jua, na jua ndilo lililoua grili hii mara ya kwanza.

Kati ya tabaka na tabaka, subiri dakika 10 hadi 15, na soma maandishi ya kopo. Makopo mengine yanasema rudia ndani ya saa moja au subiri siku mbili. Ukirudia katikati ya hapo, rangi ya chini inajikunja kama ngozi ya maziwa. Tumia praima, rangi na klia za kampuni moja kama unaweza.

Kuhusu rangi gani: wengi wanataka nyeusi ya kufifia. Inayong'aa sana inaonyesha kila alama ya msasa, na kwenye gari la zamani inaonekana kama kiatu kipya kwenye suruali ya shamba. Mteja akitaka rangi nyingine alipe kwanza malipo ya awali.

7. IJARIBU KABLA YA KUITANGAZA

Baada ya siku mbili au tatu fanya majaribio matatu. Shika ncha mbili, ikunje polepole. Ukisikia "kach", rudi hatua ya nne. Nyuma, sehemu isiyoonekana, kwaruza vimistari vya msalaba kwa wembe, bandika tepu kwa nguvu, ing'oe kwa ghafla. Rangi ikitoka na tepu, hukuosha vizuri. Mwisho, mimina maji, acha usiku nje, angalia asubuhi kama kuna malengelenge.

Ikishindwa jaribio, usiitangaze. Ni bora ife mikononi mwako kuliko kwenye gari la mteja.

8. HESABU: HAPA NDO HELA ZINAPOTEA

Watu wanasema: "Nimenunua elfu 15, nimeuza elfu 50, nimepata faida elfu 35." Hapana. Huu ni mfano tu, weka namba za kwako kulingana na bei za dukani kwenu:

- Grili mbovu: 15,000
- Nauli ya kuifuata: 4,000
- Asetoni: 2,000
- Misasa: 3,000
- Praima, nusu kopo: 5,000
- Rangi, nusu kopo: 5,000
- Klia, nusu kopo: 6,000
- Boksi, tepu na mbao za kufungia: 2,000
- Bando: 2,000

Jumla 44,000. Ukiuza 50,000 umebaki na 6,000. Kama umeifanyia kazi saa 6, umejilipa shilingi 1,000 kwa saa.

Sasa jilipe. Saa 6 kwa 2,500 ni 15,000. Tumefika 59,000. Weka 6,000 ya akiba kwa zile zitakazofeli jaribio. Tumefika 65,000. Ukiuza 80,000, hapo ndo una faida ya biashara 15,000, na kazi yako imeshalipwa. Tengeneza mbili mbili ili kopo moja liishe kwa kazi moja. Kopo lililobaki nusu kwa miezi mitatu linaziba mdomo.

Kabla ya kupanga bei, uliza grili mpya ya kuiga inauzwaje Kariakoo pamoja na kutumwa. Kama mpya inafika kwa mteja kwa bei inayokaribia ya kwako, usishindane kwa bei. Shindana kwa kitu ambacho mpya haina: ni ya asili na inakaa kwenye matundu yake bila kulazimishwa. Kama huna hata hicho, usiitengeneze. Tafuta modeli ambayo mpya yake haipatikani.

9. TANGAZO: SEMA IMEUNGWA

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Grili iliyoungwa na kupakwa vizuri, mteja haoni ufa. Ndo maana kishawishi kipo cha kuandika "used safi, haijaguswa". Usifanye hivyo.

Sababu ya kwanza ni sheria. Tanzania tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ukimuuzia mtu kwa maelezo, bidhaa lazima ifanane na maelezo. Pia kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani, ile tunayoiita FCC. Kuuza kitu kilichotengenezwa siyo kosa. Kuficha ndiyo kosa. Na usithubutu kubandika nembo ya Land Rover kwenye grili ya kuiga ukaiita ya asili. Hiyo ni bidhaa bandia.

Sababu ya pili ni ya mfukoni. Soko la Land Rover ni dogo na wanajuana. Wana magrupu yao. Uongo mmoja unazunguka magrupu yote kabla hujapata bando la kujitetea. Na ukweli nao unazunguka.

Kuna bosi mmoja wa Arusha aliniuliza: "Dada, hiyo ni mpya?"

Nikamjibu: "Hapana kaka yangu. Ni ya asili ya Series III, ilikuwa na nyufa mbili. Nimeziunga kwa nyuma, nimetia wavu, nimeipaka upya. Nakutumia picha ya nyuma uone."

Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaandika: "Nilitumiwa nyingine na mtu akasema haijaguswa, nikaikunja ikapasuka kwenye rangi. Wewe angalau najua ninachonunua. Nitumie." Baada ya hapo akaniletea wenzake wawili. Ile picha ya nyuma yenye makovu ndiyo iliyouza.

Tangazo langu linakuwa hivi, nakili na ubadilishe:

"Grili ya asili ya Land Rover Series III. ILIYOTENGENEZWA. Ilikuwa na nyufa mbili upande wa kulia, zimeungwa na kuwekewa wavu nyuma. Rangi mpya nyeusi isiyong'aa. Vishikio vyote vya skrubu vipo. Angalia picha ya 4 na 5 kuona nyuma. Tuma picha ya mbele ya gari lako kabla ya kulipia ili tuhakikishe inaingia. Ipo Nyololo, Mufindi. Natuma mikoa yote kwa basi, nauli ya mzigo kwa mteja."

Picha tano zinatosha: mbele nzima, pembeni kuonyesha kina, kona zenye skrubu, nyuma nzima, na ufa ulioungwa kwa karibu. Weka rula au futi kamba kwenye picha moja. Rangi nyeusi kwenye jua kali inatoka kama shimo, kwa hiyo piga kivulini mchana, chini weka ubao au shuka la rangi ya kijivu. Usitumie vichujio vya kung'arisha. Na hifadhi picha za kabla ya matengenezo. Mteja akileta malalamiko, hizo ndo ushahidi wako.

10. KUFUNGA NA KUTUMA

Rangi ikiguswa ni kavu haina maana ndani imekauka. Mimi sifungi kabla ya siku tano, na wakati wa baridi naacha wiki. Nailoni ikilala juu ya rangi changa inanata na kuacha alama. Gazeti linaacha maandishi, mteja anapokea grili yenye habari za michezo. Tumia shuka laini la mtumba lililofuliwa.

Huku Mufindi tuna bahati, mbao zipo kila kona kwa sababu ya msitu wa Sao Hill. Mabanzi ya kiwandani yanapatikana kwa bei ndogo. Piga fremu nyepesi ya mabanzi kuzunguka grili, ndipo uingize kwenye boksi. Grili nyembamba ikiwekewa gunia la viazi juu yake kwenye buti ya basi, bila fremu haifiki nzima. Andika KITU CHA KUVUNJIKA pande zote, jina na namba ya mpokeaji, na jina la stendi ya kushukia. Kwa mteja wa Dar muulize kama anachukulia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis au ofisi ya basi mjini.

Chukua risiti ya mzigo. Piga picha risiti, namba ya basi na boksi lenyewe likiwa limefungwa, mtumie mteja palepale. Mwambie afungue mbele ya wakala na apige video. Hiyo inamlinda yeye na inakulinda wewe.

Kubalianeni mapema kuhusu marejesho. Mimi nasema hivi: isipoingia wakati alinitumia picha na mimi nikathibitisha, narudisha hela na nauli. Kiungo kikiachia ndani ya miezi mitatu bila ajali, narudia kazi bure. Akigonga ng'ombe, hiyo ni yake na ng'ombe.

MWISHO

Kwa anayeanza, usinunue grili kumi. Nunua moja mbovu kabisa, ya bei ya kutupa, ujifunzie juu yake uji, msasa na rangi. Ya pili ndo uuze. Na utakachouza chochote, kiwe grili, bampa au redio ya mtumba, andika neno ILIYOTENGENEZWA kwa herufi kubwa, halafu onyesha ulivyoitengeneza.

Wewe unauza nini kilichotengenezwa, na mteja wako huuliza swali gani kwanza? Andika hapo chini tujifunze pamoja. Na kama unamjua mtu mwenye Land Rover ya zamani, mtumie hii. Biashara njema!